Nilipanda Masama na Bahari Mwilini

Ndugu zangu, mnaniona nimesimama mbele yenu na fimbo. Msinionee huruma, nisikilizeni. Mimi ni mtoto wa Masama, mlimani Kilimanjaro, nimekulia kwenye kahawa na migomba, na mpaka naota ndevu sikuwa nimeona maji mengi kuliko ya mfereji. Watalii walipoanza kumiminika miaka ile nikapata kazi Pemba, nikafundishwa kuzamia, nikawa kiongozi wa wageni. Wenzangu wa pwani walinicheka: "Mchaga baharini! Kwani kuna duka huko chini?"

Tulizamia kwenye mkondo mkali. Hapo huogelei. Unashuka na mtungi wa hewa mgongoni, unajiachia, maji yanakupitisha juu ya matumbawe kwa kasi, na boti inafuata mapovu yenu. Niliipenda kazi ile kupita kiasi.

Siku ya mwisho kabla ya likizo ya Krismasi, mkondo uligeuka ukatuvuta chini. Mgeni mmoja, mama mtu mzima, alivutwa kuliko sote. Nilimfuata, nikamshika, tukapanda haraka mno kwa sababu hewa yake ilikuwa inaisha. Yeye alisalimika. Mimi bega likaanza kuuma, nikasema ni uzito wa mitungi.

Bosi akaniambia, "Pumzika kwanza. Usipande ndege." Ndege! Mimi nilikuwa napanda basi. Baba alikuwa ametuma neno kwamba mbuzi wa Krismasi hachinjwi mpaka watoto wote wafike, na kwetu neno hilo si la mchezo. Jioni nikavuka kwa boti hadi Tanga, asubuhi nikapanda basi la Moshi. Sikuwahi kufikiri kwamba kwetu ni juu. Kwetu ni kwetu.

Nilipofika Moshi mjini vidole vya miguu vilikuwa vimekufa ganzi. Gari la Masama likaanza kupanda, nami nikahisi kama mkanda unanibana tumboni. Nilishuka, nikapita kihambani, shamba letu la ukoo, katikati ya migomba, na mbele ya mlango wa mama miguu ikaniishia nguvu. Nikaanguka kwenye matope. Baba mdogo akacheka: "Huyu amepitia kwenye pombe ya mbege kwanza!" Mama hakucheka. Alinifinya paja kwa kucha. Sikusikia kitu.

Mpaka giza linaingia nilikuwa sijaweza kukojoa, tumbo limevimba. Wakataka kunipandisha kwa shangazi anayekanda mifupa, juu zaidi mlimani. Dada yangu Manka akakataa. "Kama ni kufa, akafie hospitali," alisema, akalia. Nami nikalia.

Hospitalini daktari aliniuliza kwanza, "Umetoka wapi?" Nikasema baharini. Kisha akasema, "Ukifungua soda unaona mapovu, sivyo? Ulipokuwa chini, hewa iliingia kwenye damu yako. Ukapanda haraka, halafu ukaja mlimani, hewa ni nyepesi. Kizibo kimefunguka. Mapovu yameumiza uti wa mgongo."

Nikauliza kama nitatembea.

"Sijui. Wangekupandisha zaidi, nisingekuwa na la kukuambia."

Wakaniwekea mpira wa mkojo na oksijeni, wakanipeleka kwa gari hadi Mombasa, kwenye chumba cha chuma kinachomrudishia mgonjwa mgandamizo wa baharini. Nilifungiwa humo tena na tena. Mguu wa kulia ukarudi. Wa kushoto ulirudi nusu, ndio huu mnaouona. Nilijinyea kitandani mbele ya mama. Nilimwomba Mungu anichukue. Nasema wazi, maana huenda kati yenu yupo anayeomba hivyo leo. Asikate tamaa.

Namshukuru Mungu, namshukuru Manka, na mama aliyenigeuza na kuniosha kama mtoto mchanga. Na ninyi mnaofanya kazi mbali, mwili ukiuma msiutafutie sababu nyepesi. Mwambie daktari umetoka wapi. Ukiambiwa pumzika, pumzika. Nyumbani hakuhami.

Krismasi iliyofuata nilipanda kutoka barabarani kwa fimbo, kwa miguu yangu. Nyuma ya nyumba nikamkuta mbuzi yule yule, amezeeka. Baba alikuwa amekataa kumchinja mwaka mzima.

"Si nilisema mpaka wote wafike?" akaniambia.

Nyama ilikuwa ngumu ajabu. Tuliitafuna yote, na baba alitafuna huku analia.