Gundi ya Mti Mgongoni mwa Njiwa

Mguu wa kulia wa Nyabol haukujua kutulia. Hata kwenye foleni ya mgao katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako watu walijifunza kusimama nusu siku bila kuuliza sababu, mguu wake ulikanyaga pedali isiyokuwepo. Cherehani yenyewe aliiacha Malakal, Sudan, pamoja na mume wa kwanza, na kila alipokutana na mtu aliyetoka huko aliulizia cherehani.

Mwaka 1997, baada ya miaka mitano kambini, alisikia kuna kanisa huko Kanamkemer, mjini Lodwar, linatafuta mwalimu wa kudarizi kwa mashine. Aliomba ruhusa ya kutoka kambini, akapewa siku tatu. Ya kwanza iliishia barabarani, kwa sababu magari yalisafiri kwa msafara, msafara ukamngoja askari, na askari akangoja chai.

Aliyesimamia chumba cha ushonaji alikuwa mama wa Kiturkana aitwaye Nabei, mwenye shanga hadi kidevuni na miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpa Nyabol cherehani ya miguu, fremu ya duara, na vipande vinne vya kitambaa cheupe, chepesi kama utando wa maziwa. Akamwambia adarizi njiwa wa kitambaa cha altare. Padri angemkagua njiwa huyo kesho yake saa nane mchana, kabla gari la Kakuma halijaondoka. Njiwa akipita, Nyabol angepata kazi na barua ya kuombea kibali cha kuishi mjini. Asipopita, foleni ilikuwa bado ipo.

Kwao alizoea mashuka mazito ya pamba, yale yanayotandikwa mgeni akija. Shuka zito hujishikilia lenyewe. Kitambaa hiki kilijivuta kila sindano ilipoingia, lazima kiwekewe kitu mgongoni. Swali lilikuwa kitu gani. Alianza na kitambaa kigumu cha kola. Kilishika vizuri, ila hakikutoka tena, na njiwa akasimama wima kama beji ya polisi. Akajaribu karatasi ya mfuko wa saruji. Nayo ilishika, lakini alipoichana ilitoka na nusu ya bawa. Nabei alikiinua kipande hicho kwenye mwanga.

"Hii ni njiwa ama ni kuku imekanyagwa na lori?"

Gazeti lilichanika kwa upole kabisa, likaacha wino. Bei ya mahindi ilisomeka tumboni mwa njiwa.

Kikabaki kipande kimoja. Nyabol alizunguka chumba mara tatu, akaambiwa akae, akakaa, mguu ukaendelea na safari. Nabei alikuwa akitafuna gundi ya mti wa miiba, ile ambayo wachungaji huibandua kwenye magome njiani kuelekea Lorugum. Nyabol akaitazama ile taya.

"Mama, hiyo kitu ikiingia maji inayeyuka?"

"Kwa mdomo kila kitu inayeyuka," Nabei akasema. "Isipokuwa meno."

Nyabol aliomba gundi ambayo haijatafunwa, akailoweka, akaichuja, akakipaka kile kipande, akakitundika uani kikauke. Kwao, kando ya Mto Sobat, upepo huleta mbu. Upepo wa Lodwar huleta Turkana yote iliyobaki. Aliporudi, kitambaa kilikuwa kimejaa mchanga, kinaweza kusugua sufuria. Nabei alikuwa amemwona akikitundika, akamwacha kwa heshima, akidhani hivyo ndivyo Wasudani wanavyofanya.

Gundi hutoka kwa maji, lakini bomba lilikauka tangu juzi. Nabei alivuta mtungi wa maji ya kunywa kutoka chini ya meza, akamimina nusu kwenye beseni, akasema chai ya kesho imeenda.

Asubuhi Nyabol alikipaka upya, akafunga mlango na dirisha, akatembea nacho chumbani akikipunga, huku na huku, hadi kikakakamaa kama karatasi. Sasa kutembea kwake kulikuwa na kazi. Alimchora njiwa kwa penseli, akashona, mguu umepata pedali ya kweli, kisha akakifua kwa nusu ya maji iliyobaki. Saa nane kilikuwa mezani, laini, kimelala bila kunyanyua hata pembe.

Padri alikigeuza kutafuta kilichokishika mgongoni. Hakuona kitu. Akauliza.

"Ni ile tunatafuna, padri," Nabei akasema, akaendelea kutafuna.

Padri aliandika barua palepale, huku dereva akipiga honi nje. Nyabol aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru inavyopasa. Garini aliifungua. Ilikuwa karatasi nyepesi, safi, na wino wake hauchafui vidole. Aliipapasa kwa dole gumba mbele na nyuma, akaona ingefaa mgongoni mwa kitambaa, ingechanika vizuri sana, kisha akaikunja haraka na kuikalia mpaka Kakuma.