Inchi Mbili za Joska

Kazi ya Joska Abalo ilikuwa kuwarudisha wafu makwao. Mtaa mzima wa Nateete ulimjua kwa kazi hiyo. Mtu wa kaskazini akifia Kampala, na ndugu zake wasipokubali azikwe mbali na boma la baba yake, watu walisema tu, "Mtafuteni Mama Joska." Naye alikuja na Land Cruiser lake refu la kijani, gari kuukuu ambalo marehemu mumewe, Okwera, alilinunua kwenye mnada wa magari ya polisi yaliyochakaa. Viti vya nyuma alikwisha kuving'oa ili jeneza lilale vizuri, akabakiza mabenchi mawili ya pembeni kwa ajili ya wafiwa. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, wa sauti ya chini, na redio ya gari hakuiwasha mpaka marehemu awe ameshazikwa.

Okwera alikuwa dereva wa polisi, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuendesha, pale pale uwanjani kwenye kambi ya polisi, akimfokea kama kuruta. Ini lilipomuua, mjane alipewa muda mfupi wa kuhama kambi, na watu wa ukoo wakashuka kutoka Lango, kule kaskazini, kuja kugawana vitu. Walibeba makochi, televisheni, hata suti ya harusi. Gari hawakuligusa. Springi zilikuwa zimelegea, limeinamia upande mmoja kama mbwa aliyepigwa jiwe. Okwir, mdogo wa marehemu, ambaye naye alikuwa dereva, ila wa wakubwa serikalini, alilipiga tairi teke akacheka.

"Hii bakia nayo, shemeji. Utafugia kuku."

Joska hakufuga kuku. Alilitengeneza kidogo kidogo, akaanza kubeba maiti, na kwa miaka kadhaa alikula jasho lake bila kumwomba mtu.

Mpaka masika ya mwaka ule alipompeleka bibi mmoja marehemu kijijini kwao Otuke. Njia ya kuingia kijijini ilipita kwenye bwawa, na malori ya mkaa yalikuwa yameichimba mitaro miwili mirefu, katikati kukabaki tuta la udongo mgumu. Magurudumu yakazama mitaroni, tumbo la gari likakalia tuta, magurudumu yakazunguka bure. Joska alilala matopeni akachungulia chini. Tuta lilikuwa limelizidi tumbo la gari kwa unene wa vidole vitatu, si zaidi. Vidole vitatu tu!

Hapakuwa na la kufanya. Vijana walilibeba jeneza mabegani, maji yakiwafika kiunoni, na mmoja akateleza. Jeneza likapiga maji ubavu, likainama, likaanza kunywa. Wanawake walipiga yowe. Walipolifikisha upande wa pili, mtoto wa marehemu alikuja kwa Joska, na Joska alijikaza kupokea matusi. Yule mtu hakumtukana. Alisema tu, "Mama yangu aliogopa maji maisha yake yote."

Afadhali angemtukana. Neno lile lilimkaa Joska rohoni kama mwiba wa samaki. Aliporudi Kampala aliapa kwamba gari litapandishwa, hata ikibidi ale muhogo mkavu mwaka mzima.

Akamwendea Tresor, fundi Mkongo kutoka Bukavu mwenye karakana yake Ndeeba. Akamwomba na Okwir amsindikize, kwa sababu mwanamke akienda gereji peke yake kila mwenye spana mkononi hujifanya baba yake. Hilo alikuja kulijutia.

Joska alimsimulia yaliyotokea Otuke. Tresor alilizunguka gari, akapiga magoti, akainuka.

"Mama, gari hii inabeba nini?"

"Maiti."

"Na wenye kulia?"

"Wanaoenea. Na mikungu ya ndizi, na sufuria za matanga."

"Kila safari?"

"Kwenda najaa. Kurudi niko mtupu."

Tresor akakuna kidevu. Hapo ndipo palipokuwa na ugumu, akaeleza. Ukiweka springi nene za kubeba mzigo, gari litasimama vizuri likiwa limejaa, lakini likirudi tupu litamrusha dereva kama punda mkorofi. Ukiweka laini, dereva atastarehe, lakini mzigo ukiingia mkia utaketi chini, na ule urefu ulioununua utakuwa umepotea.

"Weka nene," Joska akasema. "Mgongo ni wangu. Aliyefiwa asirushwerushwe na wake ndani ya sanduku."

"Sawa. Na kule kwenye bwawa, nini ilikwama? Difu, hii boga ya chuma katikati ya ekseli, ao tumbo?"

"Tumbo. Difu ilipita, niliona alama yake kwenye matope."

"Vizuri. Kama ni difu, springi haisaidii, ni tairi kubwa tu. Kama ni tumbo, springi inapandisha." Akaonyesha seti mbili zilizokuwa juu ya meza: springi na shokapu zake za kuzuia mtikisiko, moja ya kupandisha inchi mbili, nyingine inchi nne.

Okwir, aliyekuwa akichezea simu, akainua kichwa. "Nne. Hakuna haja ya kuuliza. Gari ya inchi nne inaheshimika barabarani, hata askari wa trafiki anafikiria mara mbili. Hii mbili ni ya nini? Ni kama mwanamke aliyevaa kiatu cha kisigino kifupi."

"Nne inawezekana," Tresor akasema taratibu, "lakini kazi inakuwa ingine. Mipira ya kupitisha mafuta ya breki lazima iwe mirefu. Propela, hii chuma ndefu ya kuzungusha ekseli, inakaa mshazari, tunarekebisha. Ekseli inatoka kwenye mstari, tunairudisha. Na juu ya yote, gari inakuwa ndefu kama twiga. Ukiweka watu na mzigo ndani, kwenye kona inataka kulala."

Wote wawili walimtazama Joska. Yeye alikuwa amevikutanisha vidole vyake vitatu, akiviweka kwenye meza kando ya springi fupi. Vililingana na inchi mbili.

"Hizi," akasema.

Okwir alicheka njia nzima mpaka stejini kupanda basi. Shemeji yake, alisema, ana gari la simba na moyo wa kuku.

Gari lilipotoka kwa Tresor lilikuwa limesimama wima. Halikuwa la kutisha, bali limenyooka tu, kama mtu aliyetuliwa gunia. Masika yaliyofuata Joska alipita katika bwawa lile lile, na safari hii tuta lilipita chini ya tumbo bila kuligusa. Alipofika ng'ambo alisimamisha gari, akaegemeza paji la uso kwenye usukani, na wafiwa wakadhani analia kwa ajili ya marehemu wao. Kurudi, mgongo ulimuuma mpaka daraja la mto Kafu. Hakujali. Sifa zilienea. Kulikuwa na magari mapya yaliyogeuzia njiani, lakini Mama Joska hakumwacha mtu wa watu porini.

Gari bovu halina ndugu. Likishapona, ukoo wote hukumbuka lilizaliwa na nani.

Okwir alikuja na wazee wawili kutoka kwao. Walikunywa chai, wakala, wakasifu chakula. Kisha mkubwa wao akafuta mdomo na kusema kwamba gari la Okwera ni mali ya nyumba ya Okwera. Kadi yake ya umiliki bado ina jina la marehemu. Joska hakujaliwa mtoto wa kiume. Uchaguzi unakaribia, na kuna mgombea anayetaka gari imara la kuzungukia vijiji. Ukoo umeona gari likae mikononi mwa Okwir.

"Mlipoondoka na makochi," Joska akasema, "gari hili mlisema nifugie kuku."

"Shemeji, usilete maneno ya zamani," akajibu Okwir. "Hakuna aliyekufukuza. Tunapanga tu."

"Nililifufua mimi."

"Na tunakushukuru," akasema mzee, kwa upole ule ambao hauna mlango wa kupigia hodi.

Angeweza kwenda polisi. Alikwenda. Afisa aliyemsikiliza aliwahi kufanya kazi na Okwera, alimwita mama, akampa kiti, na akamshauri mambo ya ukoo yamalizwe na ukoo. Aliporudi nyumbani, mahali lilipokuwa likiegeshwa gari palikuwa na doa la oili tu.

Akaanza kuuza simsim, ule ufuta wa kwao, na karanga sokoni Nateete.

Kampeni zilipita. Mgombea alishindwa, na Okwir akabaki na gari lisilo na kazi. Wafiwa waliompigia simu waliuliza kwanza kama Mama Joska ndiye dereva. Ndipo alipomfuata sokoni, mpole kama kondoo, akimwomba aje aendeshe kwa ujira. Joska alikwenda, kwa njaa, na pia kwa hamu ya kulishika tena lile gari. Alilikuta barabarani limeinuka kama ghorofa. Okwir alikuwa amelipandisha kwa ajili ya kampeni, bila kurudi kwa Tresor: juu ya springi zake nene fundi fulani alikuwa amebandika vipande vya chuma kufikisha inchi nne. Mipira ya breki ilikuwa ile ile ya zamani, imevutika kama kamba ya kuanikia nguo.

Ilibidi apande kwa kushika mlango kwa mikono miwili. Aliendesha kuzunguka mtaa mara moja. Kwenye kona ya kwanza gari liliegemea upande, likasitasita, kisha likarudi. Akashuka kwa kuruka, akamtupia Okwir ufunguo.

"Siwezi kumbeba maiti wa mtu humu. Wala mtu aliye hai."

"Wivu huo."

"Litaanguka, Okwir."

"Likianguka utafurahi," Okwir akasema, akaenda kutafuta dereva mwingine.

Haikupita muda Apio akaja. Alikuwa msichana wa kupiga chapa na kutoa nakala kule Wandegeya, mteja wa karanga wa Joska, na baba yake alikuwa amelala mochari akingoja kupelekwa kwao Alebtong kuzikwa. Wameshakubaliana na Okwir, alisema, yeye na kaka yake, ila moyo wake ungetulia zaidi kama Mama Joska angekuwa kwenye usukani.

Joska alikuwa akimpimia mteja mwingine simsim. "Msipande gari lile," akasema. "Limepandishwa vibaya. Tafuteni jingine."

Apio alingoja amalize. Joska akachota kipimo kingine bila kuinua kichwa. Alikuwa na uchungu siku ile. Tangu asubuhi alikuwa amesikia watu wakilisifu gari la Okwir lilivyo juu. Jioni, kaka wa Apio alimpigia Okwir, na Okwir akamweleza kuwa yule mjane amenyang'anywa gari na sasa analilaani. Maelezo yaliingia akilini. Wakapanda.

Gari lililala kwenye kona ya mteremko kabla ya daraja la Karuma. Mvua hazikuwa zimeanza, lami ilikuwa kavu, na dereva, walisema walioona, hakuwa akikimbia. Alikanyaga breki akikwepa mbuzi. Jeneza lilitoka kwa mlango wa nyuma. Kaka wa Apio alikuwa ameketi kwenye benchi la upande ule, na hakuinuka. Okwir, ambaye hakuwamo garini, aliliuza gofu lake kwa watu wa vyuma chakavu, akahama nyumba, akabadilisha namba ya simu.

Kwenye matanga ya baba na kaka wa Apio, Joska hakwenda. Alitayarisha nguo nyeusi, akaketi kitandani akiwa amezivaa, basi likaondoka bila yeye.

Apio alikuja sokoni msimu wa karanga mpya ulipoanza. Tangu ajali, mkono wake wa kushoto ulikuwa umeishia chini kidogo ya kiwiko, na sweta amelikunja na kulibana kwa pini. Hakusalimia.

"Ulijua," akasema.

"Nilikwambia, mwanangu."

"Uliniambia kama mtu anayefukuza nzi. Hukuinua hata kichwa." Akaegemea meza kwa mkono wa kulia. "Ungenishika mkono. Ungenifuata nyumbani ukamweleza kaka yangu. Ungelala mbele ya magurudumu. Wewe, mama, kila mtu anajua ungeweza!"

Wanawake wa meza za jirani waligeuka. Mmoja akaanza kumtetea Joska, kwamba alionya, kwamba mjane hana nguvu, kwamba wa kulaumiwa yuko mafichoni. Joska akamwashiria aache. Alijua ambalo jirani hakulijua. Siku ile, alipokuwa akimpimia mteja simsim huku Apio amesimama, aliliona gari likianguka. Aliliona waziwazi, na Okwir akishikwa na aibu mbele ya ukoo mzima. Na kwa kitambo kile kifupi picha ile ilimpendeza. Watu waliokuwamo ndani hakuwaona.

"Kaa kwanza," akasema, akisogeza kigoda.

"Sikai kwako," akajibu Apio.

Akageuka akaondoka kati ya mafungu ya nyanya. Mteja mmoja akauliza bei ya karanga, akauliza tena. Joska alikuwa bado ameshika kigoda.