Kanga Alizozifua Baba Mkwe

Baba mkwe wangu alikuja Bariadi mjini kufuatilia dawa ya kupulizia pamba, akafikia kwetu kama kawaida yake. Mimi nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, imebakiza wiki chache. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, alikuwa safarini kupeleka mchele Singida. Nilipompigia simu kumwambia kwamba mzee amefika, nikamuuliza tutakaaje wawili tu ndani ya nyumba ile ndogo.

Akacheka. "Si ni baba yako?"

Ni baba yangu, sikatai. Lakini ni baba wa kukaa naye mbali. Nilivyolelewa mimi, mkwe wa kiume hupiti mbele yake akiwa amekaa. Kiti chake hukikalii, chakula huli naye, na jina lake halitoki mdomoni mwako hata ukiulizwa na mwenyekiti wa mtaa. Asubuhi nilikuwa napiga goti mlangoni, "Mwangaluka, baba," naye anaitikia akiwa ameangalia ukutani, "Mwangaluka, mayu." Mayu ni mama kwa Kisukuma, ndivyo alivyoniita tangu siku niliyoolewa. Baada ya hapo mimi narudi kwenye cherehani yangu barazani, yeye anabaki sebuleni na redio yake. Tulikuwa tunapishana ndani ya nyumba ile kama watu wawili waliobeba maji ya moto.

Begi langu la hospitali nilikuwa nimelificha chini ya kitanda. Kliniki walituambia mapema vitu vya kuja navyo: glovu, pamba, kibana kitovu, kipande cha mpira wa kutandika kitandani, beseni, kanga na vitenge vya kutosha. Nilivinunua kidogo kidogo. Kanga zangu za zamani nilizifua zikalainika, nikazipiga pasi, nikazikunja. Nguo za mtoto nilizishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja. Chini kabisa nikaweka vitu vyangu vya ndani, nguo kubwa kubwa za kuvaa baada ya kujifungua na pedi zake, nikavifunika kwa taulo. Hata mume wangu sikutaka avione. Mama yangu mzazi alikuwa aje kutoka Kiloleli wiki inayofuata. Yeye ndiye angelifungua begi lile.

Uchungu ukaja kabla ya mama.

Ilikuwa mchana kweupe. Nilikuwa namalizia kushona sketi ya shule, tumbo lilikuwa linakaza na kuachia tangu asubuhi, nami najidanganya kuwa ni mihogo niliyokula. Nikainuka kwenda chumbani. Njia ya chumbani inapita sebuleni, na mzee alikuwa amekaa pale. Nikajibana ukutani ili nisimpite mbele. Katikati ya sebule chupa ikapasuka.

Maji yalimwagika kwenye sakafu ya saruji, yakatiririka mpaka kwenye kandambili zake. Nilisimama nikiyatazama. Sikuwaza mtoto wala hospitali. Niliwaza tambara la kudekia liko wapi. Nikapiga magoti, nikavua mtandio kichwani, nikaanza kufuta miguuni pake, huku nikisema, "Nisamehe, baba, nisamehe."

"Acha," alisema.

Sikuacha. Maumivu yakanibana pale pale, nikashika mguu wa meza.

"Mayu, acha. Simama. Mama wa nyumba ya pili yupo?"

"Amekwenda msibani."

Alizima redio. Akatoka bila viatu, nikamsikia barabarani akiita bajaji kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Aliporudi aliniuliza vitu vyangu vya hospitali viko wapi. Nilitaka kusema nitavichukua mwenyewe, lakini sikuweza kunyoosha mgongo. Nikasema kwa sauti ndogo, "Chini ya kitanda."

Akasimama mbele ya pazia la chumba chetu. Baba haingii chumba anacholala mwanawe na mkewe. Nilimwona akivuta pumzi, akainamisha kichwa, akaingia. Nilisikia magoti yake yakigusa sakafu na begi likiburuzwa. Mpaka leo nikifagia uvungu ule, uso unanichoma.

Kwenye bajaji alikaa pembeni kabisa, nusu ya mwili nje, ili tusigusane. Kila tuta tulilovuka mimi nilimwangukia begani, na kila mara nikaomba radhi. Mwisho akamwambia dereva, "Pole pole, mwanangu anaumwa." Hakuniangalia aliposema hivyo.

Mapokezini kwenye wodi ya wazazi kulikuwa na wanawake wengi kwenye benchi, kila mmoja na mama yake au dada yake. Wote walitutazama, mimi niliyelowa na mzee pekupeku mwenye begi la maua. Nesi akaanza kuniuliza maswali huku akiandika.

"Jina la mume?"

Nikalitaja.

"La pili?"

Jina la pili la mume wangu ni jina la baba yake.

"Dada, jina la pili la mume wako hulijui?"

Wanawake wawili kwenye benchi wakacheka. Nikauma midomo. Maumivu yalikuja, yakaenda, na bado nesi alikuwa ameshika kalamu. Nyuma yangu mzee akakohoa, akalisema jina lake mwenyewe, taratibu, kama mtu anayejitaja polisi.

"Wewe ni nani wake?" nesi akamuuliza.

"Ndimi niliyekuja naye."

"Hakuna mwanamke?"

"Yuko njiani," alisema.

Leba hakuingia. Alisimama nje ya mlango, na nesi akawa anatoka na kuagiza. Lete mpira. Lete pamba. Lete kitenge kingine. Nilimsikia mzee akipekua begi kwenye korido, na vitu vikidondoka sakafuni. Nilijua vilikuwa vimepangwaje. Nilijua ili aufikie mpira ule lazima aondoe taulo, na chini ya taulo kuna nini. Nikafumba macho kama vile nikifumba na yeye hataona.

Kisha sikuweza tena kufikiri mambo ya heshima. Nilipiga kelele. Nilikuwa nimejiapiza kwamba nitajifungua kimya kama mama yangu, ambaye husifiwa mpaka leo kuwa majirani waliujua uzazi wake kwa sauti ya mtoto. Mimi nilisikika mpaka getini. Nilimtukana mume wangu. Nilisema sitalala naye tena maisha yangu yote, na nikaongeza mengine ambayo mke na mume huambizana gizani. Nesi mmoja akaniambia, "Mama, punguza, baba yako yuko hapo mlangoni." Sikupunguza. Nilisukuma na kujichafua mbele ya watu nisiowajua, na mtoto akatoka, wa kike, akilia kwa hasira.

Nilipelekwa wodini jioni ile. Nilikuwa nimetokwa na damu nyingi kuliko kawaida, wakaniwekea dripu na kunikataza kushuka kitandani. Mama yangu nilimpigia; akasema bibi amezidiwa, hana wa kumwachia, atakuja kesho kutwa. Mama mkwe alikuwa kijijini upande wa Maswa na mvua ilikuwa imeikata njia yao. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anashusha mzigo.

Mzee alileta uji asubuhi. Sijui alimwomba nani amkorogee. Aliuweka dirishani, akageuka. Nesi akamwita kabla hajafika mlangoni.

"Mzee, kanga za mgonjwa wako zimekwisha zote. Hizi hapa zifuliwe, hatuwezi kumwacha alalie mpira mtupu."

Zilikuwa ndani ya beseni chini ya kitanda changu. Niliinuka haraka. "Nitafua mimi, sista," nikasema, na wodi yote ikazunguka, nikajikuta nimelala tena, nesi amenishika bega. Nilipofumbua macho beseni halikuwepo.

Kitanda changu kilikuwa karibu na dirisha. Nje kulikuwa na karo ambapo ndugu wa wazazi hufua. Nilimwona amekunja suruali, ameinama kati ya wanawake, maji mekundu yakitoka mikononi mwake na kwenda kwenye mfereji. Wanawake walikuwa wamesogea wakampa nafasi kubwa, zaidi ya aliyoihitaji. Walinyamaza. Laiti wangecheka. Mmoja alimsogezea sabuni kwa mguu, bila kumwangalia usoni. Alisuuza kila kanga mara nyingi, akaikamua, akaitandaza juani, akainyoosha kingo zake kwa uangalifu mkubwa. Hiyo ni damu ambayo hata mume hatakiwi kuiona. Nilimfunika mtoto uso, sijui nilikuwa namficha nini.

Mwanamke wa kitanda cha jirani, aliyejifungua pacha, alikuwa anatazama pia. "Huyo baba yako mzazi anakupenda," alisema. "Wa kwangu hata kliniki hajui iko wapi."

Nilimweka mtoto kwenye titi. Akachukulia kwamba nimekubali.

Alifua tena jioni, na kesho yake. Kila mara aliziacha zimekunjwa mwisho wa kitanda, akasema neno moja tu, "Zimekauka." Mimi nilishukuru, "Wabeja, baba," nikiwa nimegeukia ukutani.

Mama yangu alipofika, alimwona mzee kwanza, amekaa kwenye ukingo wa korido. Nikamsikia akimsalimu kwa adabu zote za wakwe, akiwa amepiga magoti na mizigo yake kichwani. Jirani yangu akainuka kitandani.

"Kumbe ni mkweo?" Akaweka mkono mdomoni. "Mkwe kabisa? Baba wa mumeo?"

Wodi nzima ikasikia. Halafu akauliza mzee ni wa kijiji gani, mama akamjibu bila kujua, na yule mwanamke akasema, "Ah, si jirani kabisa na kwa shangazi yangu!" Nilijua habari hiyo itafika kabla yetu.

Mama alinielewa kwa kuniangalia tu. Akavuta beseni, akalikuta tupu, akaziona kanga safi mwisho wa kitanda. "Nani amefua?" Nikalia. Akakaa kitandani muda mrefu, akinong'ona, "Hukuwa na mtu mwingine? Mtu yeyote?" Kisha akazibeba kanga zote, zile zilizokuwa safi na kavu, akaenda karoni akazifua upya, moja baada ya nyingine. Sikumuuliza kwa nini.

Baadaye alitoka kwenda kuomba radhi kwa niaba yangu. Niliwasikia kupitia dirishani.

"Mkwe, tumekudhalilisha. Hatuna uso."

"Mtoto ni mzima," mzee alisema. "Na mama yake ni mzima. Mimi naifuata dawa yangu, pamba inaliwa na wadudu."

Akaondoka siku hiyo hiyo. Mtoto hakumshika. Alimchungulia mlangoni tu, mama akiwa amempakata, akavaa kofia yake, akaenda stendi.

Mume wangu aliporudi alifurahi mno. Alisimulia wenzake kijiweni kuhusu baba yake, mzee wa kisasa, nao wakamsifu. Nikamwambia anyamaze. Hakuelewa, na sikuweza kumweleza. Wateja wangu nao waliniambia nimebahatika, na kila waliposema hivyo nilikuwa nainamia cherehani na kukanyaga kwa nguvu zaidi.

Kijijini hawakumsifu. Tulikwenda wakati wa kuuza pamba, mtoto ameshaanza kukaa. Mama mkwe alinipokea vizuri, tukaenda jikoni. Huko, akichekecha unga, akanieleza bila kuinua macho kwamba siku hizi yeye ndiye anayepeleka pamba kituoni kupimwa. Mzee haendi. Mara ya mwisho alipokwenda, wazee wenzake walimuuliza kama amebeba sabuni. Wakacheka mpaka mpimaji akaacha mzani. Naye aliweka mafurushi yake ya pamba chini, akarudi nyumbani.

"Ananilaumu?" nikauliza.

"Hajasema kitu. Na wewe usimuulize."

Nilikuwa nimedhani aibu ile ni yangu peke yangu. Miezi yote nilikuwa nimeitunza kama mali yangu, kumbe yeye ndiye aliyekuwa anatembea nayo mchana, mbele ya rika lake, na sikuwa na namna yoyote ya kumtua.

Ugali ulipoiva, mama mkwe akamwita binti wa jirani apeleke sahani kwa mzee. Nikamwambia nitapeleka mwenyewe. Alinitazama, akanipa.

Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, anachonga mpini wa jembe. Nikapiga goti mbali kidogo, nikaweka chakula na maji ya kunawa. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Bariadi, na hakuna hata moja lililokuja. Mzee akaendelea kuchonga. Vipande vya mti vikadondoka miguuni pake.

"Ananyonya vizuri?" aliuliza, akiangalia mpini.

"Ananyonya, baba."

"Na wewe, kizunguzungu kile?"

"Kimekwisha."

"Haya," alisema, akavuta sahani.