Sisimizi wa Nyuma ya Gereji

Kaka yangu alikuwa fundi wa magari ya watalii pale Karatu, mwishoni mwa miaka ya tisini, na mkono wake ulikuwa mwepesi kupiga kuliko kufungua nati. Mimi nilifanya kazi chini yake, mtu mzima mwenye mke, lakini nilipigwa kama punda. Hasira zangu nazo hazikuwa haba. Mara ngapi wateja wametuamua!

Alikuwa na kisukari. Hospitali walimpa vidonge, akavimeza apendavyo, maana alikuwa na kipimo chake mwenyewe. Alikojoa nyuma ya gereji, kwenye udongo mwekundu kando ya uzio, kisha akarudi kuchungulia. Sisimizi wakijaa, basi mkojo una sukari, anameza vidonge. Wasipojaa, anakunywa soda. "Hiyo ndiyo geji yangu," alisema.

Siku moja nilimwambia aende akapime damu, aache kutegemea wadudu. Nilisema mbele ya dereva mmoja, na hapo ndipo nilipokosea. Alinitwanga mdomoni kwa spana ya magurudumu, jino likatoka. Nikamrukia, nikamkaba koo, tukabingirika kwenye oili chafu mpaka dereva akatutenganisha.

Alipoondoka nilichukua galoni la petroli nikaenda nyuma. Nilitaka kuharibu kitu chake, chochote kile. Nikamwagia mashimo yote ya sisimizi, nikatupa kiberiti. Waliungua wote, na kusema kweli nilifurahi.

Wiki ile hakuja sisimizi hata mmoja. Kaka alirudi kutoka uzioni anacheka. "Dogo, nimepona!" Akatupa vidonge ndani ya pipa la oili chafu, akafungua soda ya machungwa. Mdomo wangu ulikuwa bado umevimba. Nikarudi chini ya gari.

Miezi ikapita, na sisimizi hawakurudi. Ndipo tukatumwa kreta, kule chini bondeni Ngorongoro, kuvuta gari lililokatika ekseli. Tukiwa tunapanda kurudi, kaka alianza kutokwa jasho katika baridi ile ya mlimani, akatapikia dirishani. Nikamuuliza kama kifua kinamuuma. "Hakiumi kitu. Endesha!" Akanipiga kiwiko cha mbavu. Kabla hatujafika geti la hifadhi alikuwa amelegea begani kwangu.

Hospitalini daktari alituambia kuwa moyo ulikuwa umepata shambulio. Kaka akabisha: mbona hakusikia maumivu? Daktari aliitazama mikono yetu yenye grisi, akaamua kutueleza kigereji. Injini ikipewa mafuta kupita kiasi haichomi vizuri, inajaa masizi. Mwilini nako, sukari ikizidi, chembe hai huichoma vibaya na kutoa oksijeni iliyochachamaa, inayounguza kila inachogusa. Mwaka hadi mwaka inakula kuta za mishipa ya moyo. Inakula hata neva za kupeleka maumivu.

"Umekuwa ukiungua kimyakimya, mzee," alisema.

Daktari alipotoka, kaka alinigeukia, amechanganyikiwa kabisa. "Lakini sisimizi si waliacha kuja?"

Nikamwambia. Petroli, kiberiti, yote.

Aliinua mkono anipige. Ulifika nusu, ukaanguka kwenye shuka. Akajaribu tena, ukaanguka tena. Nikainama mpaka shavu langu likakaribia godoro, ili aweze kunifikia.