Severina na Nyungunyungu wa Rungwe

Severina Kalinga alikulia Mlandege, Iringa, penye upepo na mawe makubwa, ambako udongo wa kiangazi hupeperuka kama unga. Nyungunyungu aliowajua yeye walikuwa wale wembamba, wasiozidi urefu wa kidole. Kwa hiyo Sedekia, mwashi kijana kutoka Rungwe aliyekuja kujenga madarasa, alipomwambia kwamba kwao kuna nyungunyungu mrefu kuliko mtu, alicheka mpaka akatua ndoo chini.

"Kuliko mtu yupi? Mtoto mchanga?"

"Kuliko mimi. Akitoka ardhini wakati wa masika, watu wanaacha majembe."

"Wewe unatafuta mke kwa uongo."

"Basi twende ukauone huo uongo."

Walifunga ndoa mwaka 1954, wakapanda lori la mizigo hadi Mbeya, na kutoka hapo jingine hadi chini ya mlima.

Huko Rungwe kila kitu kilikuwa na maji. Ukungu uliingia nyumbani bila hodi. Migomba ilidondosha matone hata jua lilipowaka, na udongo ulikuwa mweusi na laini mno, hata Severina akawa anaota kwamba anatembea juu ya mgongo wa kitu kilicholala. Ndoto hiyo hakumsimulia mtu. Alipenda kuamka nayo, akakaa nayo kidogo kabla ya kuwasha moto.

Atuganile, mama mkwe wake, alimfundisha mengi, na la kwanza lilikuwa hili.

"Huku kwetu mke wa mwana hamtazami baba mkwe, wala hasemi naye. Akikaribia njiani, yeye atakohoa. Ukisikia kikohozi, ingia mgombani, funika kichwa, uchuchumae mpaka apite."

"Na nikisahau, mama?"

"Hakuna anayesahau. Kuna anayedharau. Huyo hurudishwa kwao mpaka ndugu zake walete ng'ombe wa kuosha aibu."

Severina aliwakumbuka wa kwao. Baba yake alikwisha kufa, na nyumbani kwao hapakuwa na hata mbuzi. Akirudishwa Iringa, ndiyo basi.

Basi kwa miaka miwili mzee Jailos, baba yake Sedekia, alikuwa kwake kikohozi nyuma ya migomba, harufu ya tumbaku, na mara chache mgongo uliokuwa ukienda. Nadhani alimpenda hivyo hivyo, kama mtu anavyoupenda mto anaousikia usiku bila kujua ulipo.

Masika ya mwaka wa tatu mvua ilinyesha bila kupumzika. Asubuhi moja, Sedekia akiwa kazini Tukuyu, ikasikika sauti ya mtoto kutoka njia ya mgombani: "Ametoka! Ametoka!" Atuganile alitupa ungo. Severina akamfuata mbio, kanga kichwani.

Nyungunyungu alikuwa amelala katikati ya njia. Mnene kama kidole gumba cha mwanamume, mweusi mwenye buluu ndani yake, aking'aa kama kitu kilichopakwa mafuta. Sehemu ya mwili wake ilikuwa bado shimoni, na iliyo nje peke yake ilizidi mpini wa jembe. Watu walikuwa wamemzunguka, wameinama, na mvua ikiwapiga migongoni.

"Huu ni utumbo wa mlima," mwanamke mmoja alisema.

"Mkateni, kila nyumba ipate pande!"

"Anza wewe. Mshike mkia."

"Mkia uko wapi? Nioneshe kwanza kichwa."

Wakacheka, kisha wakanyamaza, kwa sababu alikuwa ameanza kusogea. Mwili ulijikusanya polepole, ukawa mfupi na mnene, halafu ukajinyoosha kama maji yanayotafuta njia. Severina alijipenyeza mbele akachuchumaa. Kanga ilikuwa ikimchuruzikia maji machoni, akaivua, akaiweka begani. Dunia nzima ilikuwa imebaki ile pete ya rangi ya maziwa iliyozunguka mwili wa mnyama yule, na pumzi yake mwenyewe. Alinyoosha kidole, akamgusa. Alikuwa baridi, na ndani ya baridi ile kulikuwa na nguvu.

Mbele yake, upande wa pili wa nyungunyungu, mkono wa mtu ulikuwa umetandika kipande cha jani la mgomba.

"Kichwa kiko huku?" Severina aliuliza, macho yakiwa palepale chini.

"Subiri," sauti ilijibu kwa upole. "Atakakotangulia ndiko kichwa."

"Lakini anakwenda kote kote."

"Ndiyo. Hata mimi ananishinda."

"Severina!" Atuganile alipiga kelele. "Mama wee, Severina! Kichwa chako!"

Mzee Jailos, mwenye lile jani, akaruka kwenda mgombani upande huu, Severina upande ule. Watu wakageuka kuwatazama wanaokimbia, na walipokumbuka kutazama chini, njia ilikuwa tupu.

Jioni wazee waliketi uani kwa Jailos. Severina aliwekwa jikoni, nyuma ya ukuta wa mianzi, asikie na kusikika bila kuonekana. Sedekia, aliyerudi na saruji bado viatuni, alikaa karibu na mlango. Mtoto hamsemeshi baba yake mbele ya baraza kama hilo, kwa hiyo akawa anavunja kijiti kidogo kidogo.

Aliyesema kwa ukali ni Mika, mdogo wake Jailos.

"Niliwaambia. Mtu wa Iringa huoa mtu wa Iringa. Mkwe, ulisema na baba mkwe wako?"

Ndani ya moshi Severina alijiona tayari yuko juu ya lori, na milima ikibaki nyuma. Angeweza kusema hapana. Watu wote walikuwa wakitazama nyungunyungu.

"Nilisema naye," alijibu. "Sikujua nasema na nani. Lakini nilisema, na kichwa kilikuwa wazi."

"Mmesikia! Kesho apande gari."

"Mika," Jailos alisema, "mwenye kazi ya kukohoa ni nani? Mwanamke?"

"Ni wewe, kaka."

"Nilikohoa?"

Mika aliwatazama wenzake.

"Sikukohoa. Nilimwona akija. Niliijua kanga ile, kwa mbali huwa naiona ikiingia mgombani. Kikohozi kilifika hapa kooni, nikakimeza."

"Ulikimeza kwa nini?"

Mzee alitazama chini. Aliposema, sauti yake ilikuwa na haya ya mtoto.

"Ningekohoa, angerudi shimoni. Miaka saba sijamwona mkubwa namna ile."

Mzee mmoja aliguna, mwingine akaficha mdomo kwa kiganja, kisha uani pote pakalipuka kicheko. Mika alijaribu kuukunja uso, ukamshinda.

"Kwa hiyo ng'ombe wa aibu alipwe na nyungunyungu?"

"Alipwe na mimi," Jailos alisema. "Aliyekosa ni mimi. Kesho mchinje yule dume mwekundu. Na mke wa mwanangu asiguswe."

Dume alichinjwa asubuhi, wanaume wakala uani, wanawake nyuma ya nyumba. Miiko haikulegezwa. Atuganile alihakikisha kanga iko mahali pake, akamwambia Severina, "Leo umekula ng'ombe wa baba mkwe kwa kidole kimoja. Ungemshika nyungunyungu kwa mikono miwili tungekula zizi zima."

Baadaye, wageni walipotawanyika, Severina alikuta jikoni kwake pande la ini limefungwa kwenye jani la mgomba lenye harufu ya tumbaku. Aliuliza nani kalileta. Atuganile alisema hajui, akatoka nje haraka. Severina alichochea moto, akalikata ini vipande viwili, kimoja akamwekea Sedekia. Cha kwake alikila polepole, akilia kidogo, mvua ikianza tena juu ya paa.