Tawi Nyuma ya Baiskeli

Jumapili zile za shida ya mafuta, magari yalikatazwa kutembea mchana, basi barabara ya changarawe ya kwenye milima ya mawe ikawa yetu wenye baiskeli. Siku hiyo nilipangiwa kusoma somo kanisani mara ya kwanza, maana kusoma nilikuwa nimejifunza ukubwani, masomo ya jioni. Kufika kileleni, waya wa breki ukakatika.

“Mama, kokota! Au unataka misa iwe ya kwako?” alinicheka mzee aliyekuwa akipumzika pale.

“Ya kwangu bado, baba. Leo nasoma.”

Nikakata tawi lenye majani, nikalifunga kwenye keria liburuzike nyuma na kunipunguzia mwendo, kama wabeba mkaa wafanyavyo. Nikafanya ishara ya msalaba, nikashuka. Kengele ilinikuta mlangoni, nakung'uta vumbi. Somo nililisoma lote, sikukwama.