Muhuri Wangu Juu ya Wimbo Wao

Siku yule mwanamume aliposimama mlangoni pa kibanda changu na kusema, "Dada, nimekuja kuchukua wimbo wetu bila wewe," nilicheka. Nilicheka kabisa, mkono kiunoni, mbele ya wateja wawili. Nilidhani amekuja kunishukuru na maneno yamempotea. Nikikumbuka kicheko kile natamani ardhi inimeze.

Kazi yangu ni kuingiza nyimbo. Nina kibanda Kitaji, hapa Musoma, chenye kompyuta moja ya zamani, spika mbili na foleni ya watu wenye flashi na memori kadi. Wapo wanaodhani kazi hii imekufa kwa sababu kila mtu ana simu. Waje waone. Dereva wa bodaboda anataka nyimbo za kumfikisha Bunda na kumrudisha bila kumaliza bando. Mwenye saluni ya Bweri anataka za wiki nzima. Mchimbaji wa Buhemba anarudi mahali ambapo mtandao unakuja na kuondoka unavyojisikia, kwa hiyo anataka kadi iliyojaa.

Na mimi nina ugonjwa wangu. Mteja akiniomba nyimbo hamsini, namwekea hamsini na moja. Ile ya mwisho hakuiomba. Ni ya watu ambao hajawahi kuwasikia: vijana wa Bunda wanaopiga harusi za ndugu zao tu, kwaya iliyogombana na kanisa lake ikabaki na watu wanne, baba na binti zake wenye litungu moja, kile kinanda cha nyuzi. Nyimbo ambazo tayari kila mtu anazipenda hazinihitaji mimi. Lakini mteja akirudi baada ya siku mbili na kuuliza, "Ile ya mwisho ni ya nani?" siku hiyo hata njaa siisikii.

Shida ilikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, naye muingiza nyimbo. Kila bendi niliyoitafuta kwa miguu yangu, baada ya siku tatu ilikuwa kwake, na anaapa kuwa ni yeye aliyeigundua. Nikaanza kugonga muhuri. Ndivyo tunavyouita: unarekodi sauti yako, unaipandisha juu ya wimbo, kila anayeusikia ajue umetoka kwa nani. Wangu ulisema, "Hodi hodi Mara! Umeipata Kitaji, kwa dada mwenye masikio!" Sauti niliitoa tumboni. Tena nilikuwa na ujanja niliojivunia: sikuuweka mwanzoni, maana mwizi anaukata. Niliuweka pale wimbo unapokuwa mtamu kuliko kwingine kote, ili mwizi akikata awe ameuharibu. Halafu nahifadhi faili jipya juu ya lile la zamani ili kompyuta isijae, na flashi waliyoniletea bendi wenyewe naifuta, naitumia kwa wateja. Hakuna bendi iliyowahi kulalamika. Walifurahi tu kusikika.

Hawa niliwakuta Buhemba siku ya mnada, nyuma ya kibanda cha chai. Walikuwa watatu: mume na gitaa lenye nyuzi nne, mdogo wake anayepiga dumu la njano kwa viganja, na mke, aliyekuwa anaimba huku amebeba mgongoni mtoto wa miezi michache. Watu walipita na mbuzi wao bila kugeuka. Mimi nilisimama mpaka chai yangu ikapoa. Yule mwanamke hakuwa anapaza sauti wala kupamba. Aliimba kama mtu anayekueleza jambo la nyumbani kwake, na ghafla ukagundua kwamba jambo lenyewe linakuhusu. Nikawaambia, "Nendeni Bunda mkarekodi, mniletee. Nitawafanya mjulikane." Yeye alicheka, akamrekebisha mtoto mgongoni, akasema, "Tutakuja, dada. Usije ukatusahau."

Walileta wimbo mmoja. Niliusikiliza mara sita bila kuinuka. Katikati kuna mahali ambapo dumu linanyamaza, gitaa linabaki peke yake, na yule mwanamke anashuka mpaka karibu ya kunong'ona, anatamka kitu kwa Kizanaki ambacho sikukielewa, mara tatu. Nywele zilinisimama. Ndipo nikajua muhuri nauweka wapi.

Na kweli niliwafanya wajulikane. Ulienda kwenye kila flashi kama wimbo wa hamsini na moja, hata kwa waliokuja kuchukua kaswida. Nikausikia stendi, nikausikia saluni Bweri, nikausikia kwenye bajaji iliyokuwa imebeba godoro. Kila mara nilijisikia mtu mkubwa. Wenyewe sikuwaona tena, na sikuwatafuta, maana nilikuwa tayari nimepata bendi nyingine ya kutangaza.

Sasa, zaidi ya miaka miwili baadaye, mume alikuwa amesimama mlangoni, na mimi nimemaliza kucheka. Nikamuuliza, "Na wifi mzima?"

"Alifariki," akasema. "Mtoto alikuwa hajatimiza mwaka."

Innalillahi ilinitoka. Wateja wangu wawili walitoka nje wenyewe bila kuambiwa. Yule mwanamume alikaa kwenye benchi, akanieleza polepole, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira. Wimbo wao safi alikuwa nao kwenye simu, lakini simu ilitumbukia kwenye shimo la dhahabu akiwa kazini. Aliobaki nao ni ule alioupata kwa bodaboda wa Butiama, wenye muhuri. Mtoto sasa ana miaka mitatu, anausikiliza kila siku. Hawana sauti nyingine ya mama yake, hata ujumbe mmoja wa sauti.

"Pale katikati," akasema, "pale unaposemaga hodi hodi. Pale alikuwa anamwita mtoto. Jina lake, mara tatu. Nilitaka tu mtoto asikie mama yake anavyomwita."

Nilijua hata kabla ya kufungua kompyuta kwamba hakuna kitu humo, lakini niliifungua, nikatafuta mbele yake, nikafungua mafaili hata ya miaka ambayo hawajanijua, nikijifanya huenda lipo. Wimbo ulikuwepo mmoja tu, wangu. Nikamwambia, "Nipe wiki mbili, kaka. Nitaupata." Kwa nini niliahidi, sijui. Mdomo wangu umezoea kuahidi.

Asubuhi iliyofuata nilifunga kibanda, nikaenda Bunda kwa aliyewarekodi. Alinionea huruma, lakini alisema kila kazi akishaikabidhi huifuta baada ya mwezi. Nikamuuliza kama hakubakiza hata kipande. Akageuza kompyuta yake ili nijionee. Nilipotoka hapo niliingia baa ya jirani kutafuta soda, na niliyoyakuta humo yaliniondolea hata kiu. Wimbo ulikuwa unapigwa. Ulipofika katikati, dumu liliponyamaza, watu wazima wenye akili zao waliinua chupa na kupiga kelele kwa pamoja, "Hodi hodi Mara!" Wakacheka, wakagonga meza. Walikuwa wanapasubiri pale. Mhudumu aliniambia wengi hata hawaujui wimbo wenyewe, wanapenda hapo tu. Niliacha soda mezani haijafunguliwa.

Nikaenda Bweri, nikaenda Buhemba, nikasimamisha bodaboda barabarani kama askari. Kila mtu alifurahi kuniona. "Dada mwenye masikio! Huo wimbo tunao, tena wa kwako kabisa, orijino!" Mchimbaji mmoja alinichezea kwa spika aliyoifunga kwenye baiskeli, akanitazama usoni anione nitakavyofurahi. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikimfunika marehemu, na mtu ananionyesha dole gumba.

Mwisho nikavuka barabara. Sikuwa nimeingia kwa jirani yangu tangu tugombane, na nilimkuta anakula. Nikamwambia, "Kaka, wimbo wa wale wa Buhemba, kama uliwahi kuupata kabla yangu, nakuomba. Nitasema hadharani kwamba wewe ndiye uliyewagundua." Akanawa mikono, akanifungulia. Alikuwa amegonga muhuri wake juu ya wangu. Tulisikiliza sauti mbili zikipigana, yake na yangu, na chini yake mtu wa tatu ambaye hasikiki. Jirani yangu alizima, akasema pole, na siku hiyo hakunitania.

Wapo vijana wa kompyuta niliowauliza kama sauti inaweza kutolewa. Mmoja alijaribu siku nzima. Aliponiondoa mimi, na yule mwanamke aliondoka, pakabaki mlio wa maji kwenye bomba. Nilimwambia arudishe.

Wiki mbili zikaisha. Ningeweza kupiga simu, lakini mtu aliyekuja mpaka mlangoni pangu anastahili nami nimwendee. Nikapanda gari la Butiama, alikoniambia anaishi na mama yake na mtoto, nikiwa nimepanga maneno yangu yote, la kwanza mpaka la mwisho. Nitaanza na pole, nitaeleza nilikopita, nitakiri kwamba niliufuta kwa mkono wangu, nitaomba msamaha kwa bibi wa mtoto kabla ya kwa baba. Njia nzima nilikuwa narudia kimoyomoyo.

Nyumba nilielekezwa, nikaifikia saa tisa hivi, mlango uko wazi. Nikafanya anachofanya mtu yeyote mwenye adabu. Nikasema kwa sauti, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Kabla mtu mzima hajaitika, alitoka mtoto wa kike mbio, miguu mitupu, uso una unga. Alisimama mbele yangu akanitazama mdomo. Hakunitazama macho, alitazama mdomo. Nyuma yake akaja mama wa yule mwanamume, mzee kidogo, akijifuta mikono kwenye kanga. Nikamwambia, "Shikamoo, mama. Mimi natokea Musoma." Mtoto akageuka, akamshika bibi yake kanga kwa mikono miwili.

"Bibi," akasema. "Mama amekuja."

Sikuelewa. Naapa, kwa muda kama wa kuvuta pumzi mbili sikuelewa. Bibi ndiye aliyeelewa kwanza, akaweka mkono mdomoni. Baba alikuwa ametokea uani na jembe, akasimama hapo hapo.

"Tulikuwaga tunamwekea simu akilia," bibi akasema, akimwambia mwanawe, siyo mimi. "Tunamwambia, nyamaza, sikiliza, mama yako huyo anaongea."

Hawakuwahi kumwambia ni sauti ipi. Anayeimba, kwa mtoto, ni wimbo tu. Anayeongea ndiye mtu, na kwenye wimbo ule anayeongea ni mimi.

Nilikuwa na maneno yangu yote tayari, na nikagundua kwamba kila neno la kuomba msamaha ningelisema kwa sauti ile ile, na kila nitakapolisema nitakuwa namthibitishia. Mtoto alikuja akanishika gauni. Alisubiri kidogo, kisha akanivuta, akainua uso, akangoja niseme. Mimi ambaye mji mzima unanijua kwa mdomo, niliuma meno.

"Ongea, mgeni," bibi akasema, akinishika mkono kuniingiza ndani. "Umetoka mbali. Una neno gani?"

Nikatikisa kichwa, nikaonyesha mtoto kwa macho. Baba yake akaelewa. Akaweka jembe chini, akamnyanyua, akatoka naye kwenda uani, akavuta mlango nyuma yake. Nikapiga magoti kwenye sakafu ya yule mama, nikaanza kusema niliyokuja kusema, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza. Haikusaidia. Mlango ulikuwa wa mabati membamba, na mpaka nilipomaliza kuomba msamaha nilikuwa namsikia mtoto nje analia, anapiga mabati kwa viganja, ananiita mama.